Kisasili, Kisakale na Ngano: Kasoro ya Kipimo

Istilahi ngano, kisakale na kisasili zimekwisha kuzoeleka katika vitabu na mitihani yetu ya fasihi simulizi. Kwa umbo hazina ila. Kisakale ni kisa cha kale, na kisasili ni kisa cha asili. Msemaji wa Kiswahili huyatambua maneno haya hata kabla ya kufungua kamusi. Kasoro imo katika fasili. Mara nyingi mwanafunzi huelezwa kwamba kisakale kina chembe ya ukweli, kisasili kina imani isiyothibitika, na ngano ni ya kubuni tupu. Hivyo mwainishaji huanza kwa kuuliza: Je, mambo haya yalitokea? Swali hilo ni halali, lakini si la mwanaistilahi.

Yafaa tukipime kipimo hicho kwa mfano mmoja. Mtu anayekusanya mapokeo ya Wahaya, awe Kagondo au kwingineko katika Bukoba na Muleba, hana budi kukutana na majina ya Wamara, Mugasha na Rugomora Mahe. Huyu wa mwisho alikuwa mtawala wa Kyamutwara, naye hukadiriwa kuwa aliishi katika karne ya 17. Masimulizi husema kwamba aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Mahali panapotajwa ni Katuruka, penye mti uliotukuzwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na kazi ya uhunzi.

Kisa hiki tukiweke wapi? Kwa kuwa kina jina la mtawala na mahali panapojulikana, ni kisakale. Kwa kuwa hueleza utukufu wa mahali pa tambiko, kinaelekea kuwa kisasili. Na kwa kuwa mnara wa kufika mbinguni haujengeki, mwenye kushika kipimo cha ukweli atakiita ngano.

Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt, akifuata maelezo ya wazee, alichimba mahali hapo akapata mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mabaki hayo ni ya kale mno kuliko Rugomora Mahe mwenyewe. Hata hivyo yalidhihirisha kwamba masimulizi yalikuwa yamehifadhi kumbukumbu ya kweli ya mahali. Basi, kwa kipimo tulichokizoea, kisa kilikuwa ngano kabla ya 1970, na baada yake kikapanda cheo kuwa kisakale, ilhali msimulizi hakubadili neno hata moja. Istilahi inayobadilika kwa pigo la sururu haiainishi masimulizi. Inaainisha ujuzi wa mwainishaji.

Wahusika nao si kipimo cha kutosha. Mugasha ni mwenye ziwa na tufani katika imani ya jadi ya Wahaya. Anapotajwa katika tambiko, yumo katika imani. Anapoimbwa katika enanga, yumo katika sanaa ya ushujaa. Neno enanga lenyewe hutaja ala ya nyuzi na pia utungo unaoimbwa kwa ala hiyo. Utungo huo, ambao M. M. Mulokozi aliushughulikia katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986, hauwezi kuitwa utenzi pasipo maelezo, kwani haufuati vina na mizani ya tenzi za pwani.

Wapo watakaosema kwamba mwanahistoria hawezi kuliacha swali la ukweli. Naam, asiliache. Lakini jibu lake liandikwe mahali pake, mbali na jina la utanzu. Tangu mwaka 1965 William Bascom alipendekeza masimulizi yatenganishwe kwa jinsi wenyewe wanavyoyachukulia. Pendekezo hilo ni bora, ila linahitaji nyongeza: wenyewe hawana kauli moja. Katika kijiji kimoja cha Kagera wamo Wakristo, Waislamu na wanaomtukuza Wamara. Kwa hiyo mkusanyaji hana budi kuandika ni nani aliyesimulia, wapi, na katika shughuli gani.

Kwa maoni yangu fasili ziwe hivi. Kisasili ni masimulizi ambayo wenyewe huyashika kuwa ya kweli na yenye mamlaka kuhusu chanzo cha ulimwengu, watu, vitu au desturi. Kisakale ni masimulizi ambayo wenyewe huyachukua kuwa habari za watu wao wa zamani katika mahali panapotambulika. Ngano ni masimulizi ambayo wenyewe huyatoa na kuyapokea kuwa ya kubuni. Kisa kimoja kiruhusiwe kubeba majina mawili panapostahili, na jina la wenyeji, kama vile enanga, liandikwe daima pamoja na la Kiswahili.

Suala hili si la maneno matupu. Mahali panapotajwa katika kisasili huulizwa habari zake, hupimwa na kutunzwa; mahali panapotajwa katika ngano hakuna anayepatafuta. Laiti Schmidt angaliyapokea maneno ya wazee wa Katuruka kuwa ngano, sururu isingaligusa ardhi ile.