Makali Yasiyokata Ngozi

Wembe unaouzwa madukani Msowero, kando ya barabara ya Dumila kwenda Kilosa, una unene wa milimita 0.1 tu. Ni kipande cha chuma cha pua chenye makali pande mbili na uwazi mrefu katikati, kimefungwa kwa karatasi, hakina mpini wala kinga. Fundi cherehani anafumulia mshono uliokosewa. Mtoto wa shule anachongea penseli. Mjamzito ananunua mpya na kuuweka kwenye mfuko wake wa siku ya kujifungua, pamoja na pamba na uzi wa kufungia kitovu. Kunyoa, kazi ambayo wembe huu uliundiwa, kunaonekana jambo dogo kati ya hayo yote, mpaka ukae umtazame mama wa Kiparakuyo akimnyoa mwenzake.

Waparakuyo ni wafugaji wanaozungumza Kimaa, na Kilosa ni kwao. Vijiji vya Twatwatwa na Mabwegere vinajulikana kwa ng'ombe wao. Wanawake wao hunyoa kichwa chote, shanga na hereni zikaonekana vizuri, na nywele zikichomoza huanza upya. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuona kisogo chake, wanawake hunyoana. Kimaa kina jina la kisu cha kunyolea cha zamani, olmurunya, kilichofuliwa na wahunzi waitwao ilkunono. Kwa Wamaasai, wenzao wa Kimaa, katika eunoto, sherehe ya moran kupanda daraja, mama ndiye humnyoa mwanawe zile nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu. Wembe wa dukani umechukua nafasi ya kile chuma cha mhunzi. Ujuzi wa mkono haukununuliwa dukani.

Kazi inaanza na maji. Anayemwambia jirani yake kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji, anampa pia ushauri wa kiufundi: unywele ukikaa na maji dakika mbili tatu hulainika, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua sana. Povu la sabuni ya mche linaongeza utelezi. Halafu wembe wenyewe. Wapo wanaoukunja ndani ya karatasi yake mpaka uvunjike katikati kwa urefu, ili kila nusu ibaki na makali upande mmoja na mgongo wa kushikia upande wa pili. Nusu hiyo hubanwa kati ya kidole gumba na vidole viwili, ikipindishwa kidogo sana. Huko kupindisha si mazoea tu. Sababu yake nitaifikia.

Watu husifu mkono ulioshika wembe, lakini mkono wa pili ndio fundi. Ndio unaovuta ngozi kurudi nyuma, hatua moja mbele ya makali, ili yakifika yakute uwanja ulionyooka na vinywele vilivyosimama. Ngozi iliyolegea huinuka mbele ya wembe kama kijikunjo, na kijikunjo hicho ndicho hukatwa. Utosini nywele huota kwa kuzunguka, kwa hiyo mnyoaji hugeuza kichwa cha mwenzake mapajani mwake, kidogo kidogo, badala ya kugeuza kifundo cha mkono wake. Nyuma ya sikio, sikio hulazwa mbele. Kisogoni, pale mfupa unapojitokeza, mpapaso unakuwa mfupi, wa sentimita moja au chini ya hapo. Masikio ya mnyoaji nayo yanafanya kazi: wembe unaokata vizuri hutoa mkwaruzo mkavu, mwembamba, usiobadilika, na ukianza kunyamaza, ama umetoka kwenye pembe yake ama makali yameisha. Mtihani mkubwa ni kichwa cha kichanga. Utosi haujafunga, chini ya ngozi hakuna mfupa wa kuegemea, na makali hupita yakiwa yamelala karibu kabisa na ngozi.

Mashine ya kunyolea yenye kinga ni jaribio la kuviweka vidole vya mnyoaji huyo ndani ya chuma. Mwanzilishi wake maarufu, King Camp Gillette wa Marekani, alikuwa muuzaji katika kampuni ya William Painter, yule aliyevumbua kizibo cha bati cha chupa ambacho hadi leo tunakifungua kwenye soda. Painter alimshauri abuni kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa, kisha arudi kununua kingine. Mwaka 1895 Gillette akawaza wembe wa kutupa. Shida ilikuwa chuma: kukifanya chembamba, kigumu na kilichonyooka kwa pamoja lilikuwa jambo ambalo wajuzi walimwambia haliwezekani. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyelitatua. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa kuuza, walipata wateja wa mashine 51 na nyembe 168. Hataza ilitolewa Novemba 15, 1904.

Uzuri wa mashine ile uko kichwani. Wembe mwembamba ukiwa bapa hutetemeka. Ukibanwa kati ya vipande viwili vilivyopinda, unakakamaa, kama bati la migongo linavyobeba uzito ambao bati bapa lisingeubeba. Kule kupindisha kwa vidole vya mama wa Kiparakuyo ni kanuni hiyo hiyo. Kisha kuna kinga inayotangulia makali: inavuta ngozi, kazi ya ule mkono wa pili. Na kuna pembe, kama nyuzi 30 hivi, ambayo umbo la kichwa linaielekeza kabla mtumiaji hajafikiri. Pengo kati ya kinga na makali likizidi, ngozi huingia humo na kukatwa. Likipungua mno, nywele hazifikiwi. Ufundi wote wa mashine hii umo ndani ya vipimo vya chini ya milimita moja.

Wanawake walikumbukwa mwaka 1915, kwa mashine iliyoitwa Milady Décolletée. Ilikuwa ndogo, imepakwa dhahabu, imelala kwenye kijisanduku kizuri. Kwa maneno mengine, mashine ya mwanamume iliyovishwa nguo za harusi. Kwa miongo mingi mtindo ukawa huo: punguza ukubwa, badili rangi. Mashine nyingi za plastiki za waridi zinazoning'inia madukani leo, pamoja na kwetu, bado ni hizo hizo za bluu zilizobadilishwa rangi, na sioni sababu ya kuzisifia.

Aliyeuliza swali sahihi ni Jill Shurtleff, msanifu wa Gillette, ambaye kazi yake ilitoka mwaka 1992 kwa jina la Sensor for Women. Yeye alitazama mkono. Mwanamume hunyoa uso akiwa mbele ya kioo. Mwanamke hunyoa goti, muundi na kwapa, mkono umelowa sabuni, mara nyingi pasipo kuona anapokata, na hubadilisha mshiko kila anapohamia sehemu nyingine. Mpini mwembamba huteleza na kuzunguka kiganjani. Shurtleff akauacha, akatengeneza mpini mpana, bapa, wenye mashiko, ambao vidole vinaujua umeelekea wapi hata macho yakiwa mbali. Hapo ndipo nilipovua kofia: hakugusa makali hata kidogo. Mwaka 2001 ikaja Venus, yenye nyembe tatu na kichwa cha mviringo kilichozungushiwa mito ya kuvuta ngozi.

Hata hivyo, usanifu wote huo unamdhania mwanamke aliye peke yake bafuni, chini ya maji yanayotiririka. Msowero maji yako kwenye beseni, na vinywele vya wiki mbili, vigumu na vya kujikunja, huziba upesi kati ya nyembe tatu zilizopangana. Tena nyembe nyingi huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele wa kipilipili ukirudi hujikunja, huchoma ngozi kutoka ndani na kuleta vipele. Kwa nywele zetu, wembe mmoja unashinda tatu, hata tangazo liseme nini. Na wembe wa bei ndogo una faida nyingine: tangu Ukimwi uingie nchini miaka ya 1980, kila kichwa kinatakiwa kuja na wembe wake, na hilo linawezekana pale tu mpya unapopatikana kirahisi.

Ningepewa kazi ya kusanifu mashine ya wanawake wa huku, ningeanzia ile ya Gillette ya 1904. Kinga yake ilikuwa na meno kama kitana, yaliyoacha vinywele virefu vipite hadi kwenye makali badala ya kulazwa, jambo ambalo kinga nyingi laini za leo haziwezi. Wembe wa dukani hapa, kwa umbo la uwazi wake wa katikati, bado unaingia kwenye mashine ile bila kulazimishwa. Kazi ingebaki kwenye mpini. Mipini yote niliyoitaja inampendelea anayejinyoa mwenyewe. Huu ungekuwa wa mtu anayenyoa kichwa kilicholala mapajani mwake, kisogo kikimtazama.