Jina la Stesheni na Yaliyomo Ndani Yake

Muuza vitabu akiandika juu ya mlango wa duka lake kwamba anauza vitabu, mpita njia ana haki ya kutazamia vitabu ndani. Akianza kuuza kalamu pia, hapana amlaumuye, kwa kuwa kalamu ni ndugu wa kitabu. Akiongeza sukari na sabuni kwa sababu majirani wanazihitaji, huenda tukanyamaza. Lakini ikifika siku ambayo rafu zote zimejaa sabuni, na kibao cha vitabu kingali kimetundikwa mlangoni, yatupasa kuuliza kibao kile kinafanya kazi gani. Swali hili ndilo nitakalo kuliuliza juu ya televisheni ya kebo ya Marekani, yaani ile iletwayo majumbani kwa waya na kulipiwa kila mwezi. Vipindi vyake vimefika hata kwetu, na msomaji kijana ambaye amevitazama pasipo kujua asili ya stesheni zilizovitoa hana budi kushangaa akiisikia.

Kabla ya kebo kuenea, Mmarekani wa kawaida alitegemea mashirika makubwa matatu, ABC, CBS na NBC. Shirika lililotaka kumpendeza kila mtu kwa wakati mmoja halikuweza kumpa mpenzi wa tamthilia saa tatu za tamthilia, wala mpenzi wa historia jioni nzima ya historia. Kebo ilikuja na ahadi nyingine: stesheni zitakuwa nyingi, na kila moja itakuwa na watu wake. Mwaka 1980 ilianzishwa Bravo kwa ajili ya filamu bora na sanaa za jukwaani. Mwaka 1981 ikafuata MTV kwa muziki. Mwaka 1984 ilizaliwa A&E, na herufi zile zilikuwa kifupi cha sanaa na burudani. Tarehe 1 Januari 1995 ikafunguliwa The History Channel. Ahadi hii ilikuwa njema, na kwa muda ilitimizwa.

Tutazame kwanza MTV, kwa kuwa ndiyo itajwayo zaidi watu wanapolalamika. Ilianza usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1981, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuonyesha filamu fupi za nyimbo, moja baada ya moja, usiku na mchana. Wazee wa leo huisimulia enzi ile kana kwamba ilikuwa bustani isiyo na mwiba. Mimi sikubaliani nao. Katika miaka yake ya mwanzo stesheni hiyo iliwaonyesha wanamuziki weusi wachache mno, hata mwaka 1983 David Bowie, alipokuwa akihojiwa nayo, alimgeuzia mhoji swali na kutaka kujua sababu. Kipindi cha muziki wa rap, Yo! MTV Raps, hakikupata nafasi mpaka mwaka 1988. Kwa hiyo mabadiliko si uovu kwa kuwa ni mabadiliko. Mengine yalikuwa haki iliyochelewa.

Hata The Real World, kipindi kilichoanza mwaka 1992 na ambacho wengi hukihesabu kuwa ndicho chanzo cha anguko, hakikuwa cha kudharauliwa. Vijana saba wasiojuana waliwekwa katika nyumba moja mjini New York, nao wakabishana mbele ya kamera juu ya rangi na malezi kwa ukweli ambao tamthilia nyingi za siku zile hazikuuthubutu. Ila kipindi kile kiliwafundisha wenye stesheni somo la hatari: kwamba ugomvi wa watu wa kawaida huwakalisha watazamaji kitini, na kwamba hauhitaji mtunzi wala waigizaji wa kulipwa ghali. Somo hilo walilishika vema kupita kiasi. Mwezi wa Februari 2010 maneno ya kueleza kuwa hii ni televisheni ya muziki yaliondolewa katika nembo. Mwaka 2011 kilianza Ridiculousness, kipindi cha kuwacheka watu waangukao na kujigonga katika filamu zilizookotwa kwenye intaneti. Na katika juma moja la mwaka 2020 ilihesabiwa kuwa kipindi hicho pamoja na marudio yake kilichukua saa 113 kati ya 168 zilizomo katika juma. Mtu angeweza kulala, kuamka, kwenda kazini na kurudi, akamkuta mtu yule yule akianguka.

Kwa nini huwa hivi? Stesheni ya kebo hula kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza hupokea ada kutoka kampuni za kebo kwa kila nyumba iliyounganishwa, stesheni itazamwe au isitazamwe. Ada hii ndiyo iliyowezesha stesheni ndogo kuishi. Mkono wa pili hupokea fedha za matangazo ya biashara, nazo huongezeka kwa kadiri ya hesabu ya watazamaji, hasa wenye umri wa miaka 18 hadi 49, ambao wafanyabiashara huwataka kuliko wengine. Filamu ya wimbo ilimfikia mwenye stesheni pasipo gharama kubwa, kwa kuwa kampuni za sahani za muziki ndizo zilizoitengeneza. Lakini hudumu dakika tatu au nne, na mtazamaji asiyeupenda wimbo huu hubadilisha stesheni kabla ya ule kuanza. Kisa cha nusu saa humshika mpaka ajue mwisho wake. Tena, YouTube ilipoanza mwaka 2005, hapakuwa na kijana aliyelazimika kungoja wimbo wake uchezwe na mtu mwingine. Hivyo mkurugenzi aliyeuondoa muziki hakuwa lazima adui wa muziki. Alikuwa mtu aliyetazama hesabu.

Na hapa ndipo lawama yangu ilipo. Hesabu ile huyahesabu macho, lakini haiupimi upendo. Mtu aliyengoja tamthilia yake juma zima, akafunga mlango na kuwanyamazisha watoto ili aitazame, huhesabiwa mmoja. Na mtu aliyesinzia mbele ya televisheni iliyosahauliwa kuzimwa huhesabiwa mmoja pia. Penye kipimo cha namna hii, stesheni zilizoanza mbali mbali hufuata njia moja mpaka zikutane. Bravo, iliyoanza kwa michezo ya jukwaani, ilifika mwaka 2006 kwenye magomvi ya wake wa matajiri wa Orange County. A&E ilifika mwaka 2012 kwenye Duck Dynasty, kisa cha jamaa watengenezao filimbi za kuwindia bata. Sina ugomvi na bata. Lakini mpenzi wa sanaa aliyeahidiwa nyumba yake mwenyewe aliona nyumba ile ikigeuzwa uwanja wa kila mtu, na uwanja wa kila mtu alikuwa nao tangu zamani.

Hasara ya wapenzi wa muziki au tamthilia yaweza kufidiwa kwingine. Kisa cha The Learning Channel ni kizito zaidi. Asili yake si duka la mtu; ni kazi ya umma. Mwaka 1972 Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi ya Marekani pamoja na shirika la anga la NASA zilianza mpango wa kupeleka masomo katika milima ya Appalachia, nchi ya wachimba makaa, yenye vijiji vilivyotengwa na barabara mbaya na umaskini. Setilaiti ATS-6 iliporushwa tarehe 30 Mei 1974, walimu wa milimani walipata masomo ya chuo kikuu pasipo kuiacha milima yao. Msomaji wa Kenya atapenda kujua kwamba mwaka uliofuata chombo kile kile kilisogezwa hadi nyuzi 35 mashariki, juu ya ikweta, yaani juu ya anga yetu, kwa kimo cha kilomita 36,000 hivi, ili kipeleke masomo katika vijiji 2,400 vya India.

Mwaka 1980 mpango wa Appalachia ulitolewa mikononi mwa serikali na kupewa jina la The Learning Channel, yaani stesheni ya kujifunza. Mwaka 1991 ulinunuliwa na kampuni ya Discovery. Kufikia mwisho wa muongo ule jina refu lilianza kufichwa, zikabaki herufi tatu, TLC. Mwaka 2000 vilitamba vipindi vya majirani kupambiana nyumba, ambavyo angalau humfundisha mtu kupaka rangi. Mwaka 2009 kikaja Toddlers & Tiaras, ambamo watoto wadogo wa kike walipakwa poda na wanja, wakavikwa nywele za bandia, wakashindanishwa kwa urembo huku mama zao wakifadhaika pembeni. Kamera haikumfundisha mtazamaji neno lolote juu ya watoto wale; iliwatazama tu, ikamwacha awacheke wazazi na kujiona bora. Hili naliona baya kwa namna mbili. Chombo kilichoasisiwa kwa fedha za walipa kodi ili kumwinua maskini wa milimani kiliishia kuwafanya wanyonge tamasha. Na waliopoteza hawakuulizwa.

Imesalia The History Channel, ambayo mwaka 2008 ililiacha neno la pili la jina lake ikabaki History. Mwanzoni watu waliitania kwa wingi wa vipindi vyake juu ya Hitler na vita, lakini vita vile vilitokea. Baadaye waliletwa madereva wa malori juu ya barafu, mwaka 2007, na wenye duka la rehani, mwaka 2009. Hawa hawamdhuru mtu. Ancient Aliens, mfululizo ulioanza mwaka 2010, ni jambo jingine, kwa kuwa haukuiacha historia bali ulivaa nguo zake. Msemaji huuliza kwa sauti nzito kama yamkini wageni kutoka nyota nyingine waliwasaidia watu wa kale kujenga piramidi. Halijibu swali, huliacha likining'inia, kisha huleta jingine. Mtazamaji huondoka akidhani amesikia hoja.

Sisi wa Afrika hatuwezi kulichukua jambo hili kuwa mchezo tu. Piramidi zilijengwa katika bara letu, na kumnyima Mwafrika kazi ya mikono yake ni desturi ya kale. Hata Zimbabwe Kuu ilipewa wajenzi wa kubuni kutoka mbali, ijapokuwa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1929, kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe.

Wenye stesheni hujitetea kwamba historia ya kweli ni kavu, na mtazamaji hukimbia. Basi na watazame kilichopatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Wanaakiolojia walioongozwa na Pierre Tallet walifukua karatasi za mafunjo zilizoandikwa katika zama za mfalme Khufu, yapata miaka 4,500 iliyopita. Miongoni mwake imo shajara ya msimamizi aitwaye Merer. Alikuwa na watu wapatao 40 na chombo chao, naye ameandika siku kwa siku jinsi walivyopakia mawe ya chokaa huko Tura, wakayasafirisha kwa mto Nile na mifereji mpaka Giza, wakalala, wakarudi kupakia mengine. Ankhhaf, ndugu wa mfalme kwa baba, anatajwa kuwa mkubwa wa kazi katika eneo lile. Kuna mto, mabaharia, mfalme, mzigo usiongoja, na mtu mmoja wa makamo ya kawaida ahesabuye siku zake kwa wino. Mtengenezaji wa vipindi ambaye hawezi kumkesheza mtazamaji kwa habari hizi hana haki ya kuilaumu historia.