Jumba la Buluu la Penang: kazi ya chokaa na nili

Mgeni anayefika Mtaa wa Leith mjini George Town, kisiwani Penang nchini Malaysia, huanza kwa kupiga picha ya rangi. Ukuta wote wa mbele ni buluu iliyokolea, na watu wa mji wameliita jengo lenyewe Jumba la Buluu. Ni wachache wanaouliza imekuwaje rangi ile ikakaa kwenye ukuta wenye umri wa zaidi ya miaka mia, katika kisiwa kinachopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Jibu lake ndilo somo la ufundi lililomo katika nyumba hii, maana bila ufundi huo nyumba yote ingekuwa kifusi.

Aliyeijenga ni Cheong Fatt Tze, Mchina wa jamii ya Wahakka aliyezaliwa Dabu, mkoani Guangdong, mwaka 1840. Aliondoka China akiwa kijana asiye na kitu, akatua Batavia, yaani Jakarta ya leo, na biashara ikamnyookea hadi akahesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Asia ya Kusini-Mashariki. Baadaye alikuwa makamu wa konsuli wa China huko Penang, na mwaka 1892 akaanzisha kiwanda cha mvinyo cha Changyu mjini Yantai. Nyumba ya Penang aliijenga mwishoni mwa karne ya 19: vyumba 38, nyua 5 za ndani, ngazi 7 na madirisha 220. Ramani yake ni ya Kichina, lakini nguzo za chuma zilitoka Glasgow na vigae vya sakafu vilitoka Stoke-on-Trent. Mzee huyu alijua kuagiza.

Alifariki mwaka 1916, akaacha wosia kwamba nyumba isiuzwe hadi mwanawe wa mwisho atakapofariki. Wosia ukatimizwa hadi mwaka 1989. Kwa maoni yangu, wosia ule uliikinga nyumba na madalali, lakini haukuikinga na mvua. Matunzo yalikosekana, wapangaji wakajaa, na jengo likachakaa mbele ya macho ya mji. Kisha kikundi cha wenyeji, wakiwemo msanifu majengo Laurence Loh na mkewe Lin Lee Loh-Lim, kikainunua nyumba na kuanza kuifufua.

Uamuzi mkubwa wa ukarabati ule ulikuwa kurudi kwenye chokaa. Kuta za zamani za matofali hazikuwekewa kizuizi cha unyevu chini kama tunavyofanya leo. Maji ya ardhini hupanda polepole ndani ya ukuta yakiwa yamebeba chumvi, na lazima yapate pa kutokea. Ukipiga plasta ya saruji umeziba mlango. Maji yatapanda juu zaidi au yatatokea upande wa vyumbani, na chumvi itagandia nyuma ya plasta, ivimbe, isukume, mpaka plasta ianguke pamoja na uso wa tofali. Fundi akiitwa tena ataongeza saruji, na ugonjwa utaongezeka.

Chokaa ni laini kuliko tofali na ina vinyweleo. Maji hupita, hukauka kwa hewa, na chumvi huja kugandia kwenye plasta yenyewe. Baada ya miaka plasta humong’onyoka, inabanduliwa, inapigwa nyingine, na tofali limebaki salama. Kwa hiyo mtu akiona plasta ya chokaa inachakaa asiseme kazi ilikuwa mbovu, kwani imewekwa pale ichakae badala ya ukuta.

Rangi nayo inafuata sheria hiyohiyo. Buluu ya Penang ni maji ya chokaa yaliyochanganywa na nili, ile inayotokana na mmea. Rangi ya mafuta, na nyingi za plastiki, hukaa juu ya ukuta na kuufunika, lakini chokaa hunywewa na plasta, kisha hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe. Ukuta hulowanishwa kwanza, halafu hupakwa mkono mmoja mwembamba, mwepesi kama maziwa, usubiri ukauke, ndipo uje mwingine. Brashi ikipita huoni kitu cha maana, ukuta unaonekana umelowa tu. Rangi hujitokeza unapokauka. Fundi mwenye haraka hupaka nzito ili amalize kwa siku moja, na matokeo yake ni mipasuko na unga unaobaki kwenye nguo za kila anayeegemea.

Nyua za ndani zimefanya kazi yao kimya kimya tangu siku ya kwanza: hewa moto hupanda na kutoka, mvua hutua kwenye sakafu ya mawe, vyumba vinapoa. Mapambo ya paani ndiyo yaliyokuwa magumu zaidi kuyafufua. Maua na ndege wale si wa kuchongwa. Bakuli za rangi hukatwa kwa koleo vipande vipande, na kila kipande, unyoya au ua, hukandamizwa kwenye udongo wa chokaa kabla haujakauka. Mafundi wa kazi hiyo waliletwa kutoka China.

Mwaka 2000 UNESCO iliupa ukarabati huu tuzo yake ya urithi ya Asia na Pasifiki. Leo nyumba ni hoteli, na wageni hutembezwa kwa kiingilio. Wapo wanaonung’unika kwamba urithi umegeuzwa biashara. Mimi sioni kosa: ukuta wa chokaa unadai kupakwa tena na tena, na fedha ya kupaka lazima itoke mahali.

Zanzibar tunayo nyumba ya rika lake, Dispensari ya Zamani iliyoanzishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara Mhindi, ikakamilika mwaka 1894. Nayo ilifufuliwa miaka ya 1990. Lakini tembea vichochoro vya Mji Mkongwe uone viraka vya saruji kwenye kuta za matumbawe, na jinsi plasta inavyobambatuka pembeni mwa kila kiraka. Wewe mwenye nyumba ya aina hiyo, kabla hujanunua mfuko wa saruji kwa ajili ya ukuta unaolia maji, mtafute kwanza mwashi anayejua chokaa, na umwambie akuoneshe kazi aliyoifanya miaka mitano iliyopita.