Sitini na Moja

Anayetaka kuona akili ikifanya kazi bila kalamu aende Mji Mkongwe wa Bagamoyo baada ya alasiri, akae nyuma ya mchezaji hodari wa karata. Asitie neno.

Karata zote pamoja zina pointi 120; upande unaofikisha 61 umeshinda. Ree ni 11, seti, yaani saba, ni 10, mzungu wa nne (ndiye mfalme), wa tatu na wa pili kila mmoja ana thamani ya jina lake, na zilizobaki hazina kitu. Hesabu hiyo hata mtoto anaishika. Ufundi uko katika kukumbuka kila karata iliyokwisha kulala mkekani, kujua turufu zimebaki ngapi na kwa nani, na kumwelewa mwenzako bila kumkonyeza. Nimemwona mzee mmoja akiificha seti ya kopa huku akitupa karata za bure, uso mkavu kabisa. Ree ya kopa ilipotoka ikaliwa, turufu nazo zikaisha, akaibwaga seti kwa kishindo. Hakuna aliyekuwa na ya kuizidi.

Kwa nini saba impite mfalme? Wareno wanaocheza bisca na sueca nao huipa saba pointi 10 na kuiweka chini ya ree tu. Walifika pwani hii mwaka 1498, wakang'olewa Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Saba yao ikabaki barazani. Nao hawakuzibuni karata: Ulaya ilizipata katika karne ya 14, na zile za Wamamluki wa Misri, zilizohifadhiwa Topkapi, Istanbul, zina vikombe, sarafu, panga na magongo. Ndugu wa kopa, uru, shupaza na pau.

Huko Ulaya karata zikawa pia za kamari. Mwaka 1638 Venice ilifungua Ridotto, jumba la kamari lililoruhusiwa na serikali, ambako watu walipoteza mali kwenye basetta, mchezo wa bahati ulioegemea upande wa mshika benki. Likafungwa 1774. Mimi nausifu mchezo wa barazani, usio na benki wala dau. Aliyefungwa anainuka, anampisha mwingine.

Ila haondoki. Anabaki amesimama akimhoji mwenzake: kwa nini ulitoa pau wakati ree ya shupaza haijatoka? Na mwenzake anazitaja karata zote upya, moja moja, kwa mpangilio ule ule zilivyotupwa.