Mikwaruzo Iliyobaki

Katika diski ya filamu ya Metropolis iliyotolewa baada ya ukarabati wa mwaka 2010 kuna mahali ambapo picha safi hubadilika ghafla. Mikwaruzo inashuka kama mvua, ukingo mweusi unajitokeza pembeni, kisha baada ya sekunde chache usafi unarudi. Asiyejua atadhani diski imeharibika. Mimi naona hapo ndipo ufundi wa kukarabati filamu ulipofika kileleni, na hapa Mbinga nimeparudia mara nyingi.

Mwongozaji Fritz Lang aliionesha filamu hiyo kwanza Berlin, Januari 1927. Haikupokewa vizuri, wasambazaji wakaikata, na karibu robo yake ikapotea. Nakala moja ndefu ilikuwa imeshavuka bahari hadi Argentina. Kwa kuwa mikanda ya nitreti hushika moto upesi, miaka mingi baadaye ilihamishiwa kwenye mkanda mwembamba wa milimita 16. Kila mkwaruzo ukanakiliwa ndani ya picha yenyewe, na sehemu ya pembeni ikakatika. Nakala hiyo ilitambuliwa mwaka 2008 katika makumbusho ya filamu ya Buenos Aires.

Mafundi wa Wakfu wa Murnau, Ujerumani, walioikarabati filamu, walianza na nota. Gottfried Huppertz, aliyetunga muziki wa filamu hiyo, alikuwa ameandika alama zaidi ya elfu moja kuonesha muziki ukutane na tukio gani. Kwa alama hizo wakajua kipande kipi kifuate kipi. Ikaja kazi ya kusafisha. Kompyuta ikiachiwa, hufuta mikwaruzo pamoja na chembechembe ambazo ndizo picha yenyewe. Wao walisafisha kama akina mama wa Kimatengo wanavyochambua kahawa: mbovu inatolewa, nzima haiguswi. Palipokatika wakaacha ukingo mweusi, mtazamaji ajue kwamba kuna kilichopungua. Huo ni uaminifu, nami nauheshimu sana.

Nakala iliyonifikia kabla ya diski hiyo ilikuja kwenye flashi, imebanwa mno, giza lote limegeuka miraba. Filamu ya rangi huvumilia kubanwa, maana rangi humsaidia mtu kutofautisha vitu. Nyeusi na nyeupe haina msaada huo. Inaishi kwa ngazi za kijivu tu. Ngazi hizo zikichanganyika, mtu na ukuta alioegemea huwa kitu kimoja.

Aliyefaidika zaidi na ukarabati ni Georgy, mfanyakazi anayetambulika kwa namba, 11811. Katika nakala fupi anabadilishana nguo na mwana wa tajiri, halafu hadithi yake inakatika. Vipande vya Argentina vinamrudishia safari yake: gari la kifahari, fedha mfukoni, vishawishi vya mji. Hapa Ruvuma, mkoa uliotoa manamba wengi kwa mashamba ya mkonge, mtu aliyefanywa namba anaeleweka bila maelezo. Acha mikwaruzo impite usoni, mradi amerudi.

Natamani Metropolis ioneshwe katika vibanda vya video vya Mbamba Bay, tena usiku, kwa sababu mchana nuru hupenya kwenye mabati na kuua weusi wote. Mwenye kibanda apunguze mwangaza wa runinga. Mazungumzo ya filamu hii ni maandishi matupu, kwa hiyo mtafsiri wa kibandani, mwenye ufundi ule uliomvumisha Derek Mukandala kwa jina la Lufufu, ataisimulia kwa Kiswahili bila kushindana na sauti ya mwigizaji yeyote.