Majina Ukutani Thanjavur

Wasifuo hekalu la Brihadisvara, lililoko Thanjavur kusini mwa India, huanzia juu. Watakuambia urefu wa mnara, mita zipatazo 60, mawe matupu ya matale, kazi ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola iliyokamilika mwaka 1010. Kisha watakuongezea kwamba kivuli cha mnara huo hakigusi ardhi abadani. Porojo! Asubuhi na jioni kinalala uani kama cha mwembe.

Mimi naona sifa hizi zinamtazamisha mgeni pasipo pake. Na ashushe macho hadi kwenye kitako cha jengo. Pale mfalme aliamuru vichongwe, kwa Kitamili, vitu alivyotoa yeye, dada yake mkubwa, wake zake na wengineo. Na katika maandishi hayo ya hekalu yamo majina ya wanawake wapatao 400, wacheza ngoma. Si idadi tu, msomaji. Kila mmoja katajwa kwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa aliopewa, na nyumba yake ni ya ngapi. Posho yao nayo imeandikwa, ya mpunga, kwa mwaka.

Ni daftari la mishahara, naam, lakini nalihesabu kuwa sehemu ya usanifu, maana fundi alilipa nafasi ile ile ya ukuta aliyowapa wafalme. Sisemi kwamba wanawake hao walitendewa uungwana. Waliletwa kwa amri, wala maandishi hayasemi kama waliulizwa.

Ndani ya mnara, ghorofa ya juu, ilikusudiwa ichongwe mikao 108 ya ngoma, Shiva mwenyewe akiicheza. Ikakamilika 81. Mawe yaliyosalia ni matupu hadi leo.

Mwaka 2010, hekalu lilipotimiza miaka 1,000, wachezaji 1,000 walicheza pale. Heshima kubwa, ila ni ya jamii ya ule urefu wa mnara: tarakimu. Maana mwaka 1947 sheria ya Madras ilikwisha piga marufuku kuwatoa wasichana wakfu mahekaluni, na ngoma yenyewe ilikuwa imeanza kuhamia majukwaani, mikononi mwa familia nyingine. Hao wa zamani wakabaki na aibu peke yao. Waongoza wageni wangeweza angalau kusoma jina moja kwa sauti pale kitakoni, kabla ya kuwaambia watu watazame juu.