Kijiti cha Mshikaki Ndani ya Bawa

Mishikaki ya mbuzi ikiisha, wenzangu hunawa mikono. Mimi hubaki nakagua vijiti. Nakipinda kimoja, nakiachia, natazama kama kinarudi sawa. Kilichonyooka naondoka nacho. Wahudumu wa Kigali wamekwisha kunizoea, ingawa yupo aliyewahi kuniuliza kama nyumbani hatuna kuni.

Vijiti hivyo vya mwanzi ndiyo mifupa ya ndege zangu ndogo za kuongozwa kwa redio. Bawa lenyewe ni stairofomu, ile inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni: nyepesi, inachongeka, ila ukiipinda inakatika kama muhogo mkavu. Mwanzi hupindika ukarudi, lakini peke yake hauna umbo la kubebwa na hewa. Basi stairofomu naiachia umbo, mwanzi naupa mzigo. Upande wa chini nabandika selotepu ya maboksi, maana bawa likibeba ndege, tumbo lake ndilo linalovutwa. Ukiibandika juu tu, umeweka pambo.

Ufundi hasa umo kwenye maungio. Bawa langu la kwanza nililiunga kwa supagluu. Ikala stairofomu mbele ya macho yangu, ikaacha shimo. Sasa natumia gundi nyeupe ya maseremala na kungoja hadi kesho yake. Bawa la pili lilikatikia angani, pale pale vijiti vyote vitatu vilipoishia. Tangu hapo navikata urefu tofauti, ugumu upungue kidogo kidogo kuelekea ncha.

Msusi wa agaseke, kikapu cha Kinyarwanda, angenicheka kwa kuchelewa kuyajua haya. Ndani ya kikapu chake mna kicha cha nyasi, nje uzi wa mkonge unaozizunguka: nyasi zinatoa unene, mkonge unakaza. Na ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, zinazopeleka damu hospitalini kutoka Muhanga tangu Oktoba 2016, zina mwili wa povu gumu juu ya kiunzi cha nyuzi za kaboni, na mzigo wake hushuka kwa mwavuli wa karatasi. Karatasi! Mhandisi asiyeionea haya karatasi namheshimu.

Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na bawa zito huadhirika mapema. Kaboni ni ghali, mwanzi upo mezani. Kwa hiyo ukila mishikaki mjini hapa, tafadhali usivunje kijiti.